Mkebe wa ukutani uliomsafisha Perez wa Gati la Kale

Saa moja kasorobo asubuhi, Perez Achola anafagia maua ya mjakaranda mbele ya kichwa cha garimoshi kilichotulia kwenye reli yake fupi, reli isiyofika popote. Ndege aina ya kwarara wanapiga kelele juu ya mabati. Kutoka ziwani, hatua chache tu nyuma ya ukuta, inakuja harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanza kuanikwa.

Mwanamume mwenye kofia ya ukili na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni wanaingia langoni, simu mkononi. Hawaelekei makumbusho. Wanakwenda moja kwa moja hadi kwenye nanga kuukuu, wanasimama, wanatazama simu, wanarudi hatua kumi, kisha wanainama kuchungulia chini ya benchi kama watu walioangusha ufunguo.

Perez anahamisha ufagio wake. Anawapa mgongo na kuanza kufagia mahali ambapo amekwisha kufagia.

"Ukiwaangalia wanaona haya," ananong'ona. "Wanadhani sijui wanatafuta nini. Wacha watafute. Mimi niko na kazi yangu."

Baada ya dakika sita hivi, mwanamke anapiga kigelegele kifupi, halafu anajiziba mdomo kwa kiganja. Perez anacheka hadi mabega yanatikisika, bila kugeuka.

"Wamepata," anasema.

Walichopata ni mkebe wa plastiki usiozidi ukubwa wa kile ambacho mtoto wa shule hubebea chakula chake cha mchana. Wanaoucheza mchezo huu huuita geocaching. Mtu huficha mkebe, huweka alama ya mahali hapo kwenye mtandao, na wengine huufuata kwa ramani ya simu. Ndani mna daftari la kuandika jina na tarehe, pamoja na vitu vidogo vidogo vya kubadilishana. Ukichukua kitu, unaacha kitu. Kisha unaurudisha mkebe ulipokuwa, bila wapita njia kujua.

Hadi Mei mwaka jana, Perez alikuwa mmoja wa hao wasiojua. Na kwa kutojua huko, nusura apoteze kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne, na pengine uhuru wake.

Bustani ya Gati la Kale ni ekari moja na nusu ya ardhi karibu na ufuo wa Kisumu. Ina makumbusho mawili madogo. La kwanza liko katika nyumba ya mawe aliyokaa mkuu wa stesheni enzi za ukoloni, na limejaa taa za reli, vitabu vya tiketi na picha za meli za mvuke. La pili ni nyumba ya mviringo yenye nyavu, makasia na vikapu ambavyo wanawake walivulia samaki kwenye maji ya kina kifupi. Wiki ikiwa nzuri, wageni hufika sitini.

Perez, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alizaliwa Pap Onditi, Nyakach. Alikuja Kisumu akiwa bibi harusi. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alifariki wakati Lornah, binti yao wa pekee, alipokuwa na miaka saba. Mwaka uliofuata Perez akapata kibarua cha kung'oa nyasi na kupiga deki bustanini hapo.

"Nilikuwa napiga deki huku nasikiliza mtembeza wageni," anakumbuka. "Kila siku maneno ni yale yale. Siku moja akakosea mwaka meli ilipozinduliwa, nikamrekebisha kutoka chini, kitambaa kiko mkononi. Wazungu wakacheka. Yeye hakucheka."

Mtembeza wageni huyo alipoacha kazi, hakuletwa mwingine. Msimamizi wa wakati huo alimwambia Perez ajaribu. Tangu hapo anafagia asubuhi, na saa mbili ikifika anavua aproni, anapaka midomo mafuta na kuwatembeza wageni. Mlinzi wa lango, Mzee Ondiek, humtania kwa kumwita "gaidi wetu", akilichezea neno la Kiingereza "guide", yaani mtembeza wageni. Mshahara wake ni shilingi 14,500 kwa mwezi, na ndio uliomsomesha Lornah hadi chuo cha uuguzi.

Kati ya vitu vyote vilivyomo kwenye makumbusho hayo, kimoja alikileta yeye mwenyewe.

Ni firimbi ya shaba, urefu wake kama kidole cha kati. Ilikuwa ya nyapara wa gati, aliyeipuliza kila meli ilipofunga ili wapagazi waanze kushusha mizigo. Mjukuu wa nyapara huyo, Mwalimu Rachael Okello, ni mwalimu mstaafu anayeishi Nyamasaria. Perez alisikia habari zake kanisani. Alimtembelea mara tatu kabla ya mwalimu huyo kukubali kuitoa.

"Aliniambia, 'Nakupa wewe, Perez. Sipei hiyo nyumba, napea wewe,'" anasema. "Nikamwambia, 'Mwalimu, itakaa kama yai.'"

Firimbi ikapewa nambari 31, ikaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubavu wake. Perez hakuifungia kwenye kioo. Aliiweka kwenye rafu ya wazi, na watoto wa shule walipokuja aliwapa waishike, wapokezane.

"Mtoto akishika shaba anasikia baridi yake. Hapo ndipo anaamini kuna mtu alikuwa," anaeleza.

Alhamisi moja ya mwezi wa Mei, walifika wanafunzi arobaini na sita wa Gredi ya Tano kutoka shule moja ya upande wa Sondu. Firimbi ilikuwa ikizunguka mikononi mwao uwanjani, kando ya garimoshi, mvua ilipoanguka ghafla kama iliyomwagwa kwa ndoo. Watoto wakatawanyika huku na huko. Wengine walijibanza chini ya garimoshi, wengine kwenye veranda, wengine kando ya ukuta wenye kibanda cha bati. Walimu walipiga kelele, wakahesabu vichwa na kuwasukuma watoto ndani ya basi. Kufumba na kufumbua, basi likaondoka.

Perez alifunga madirisha na kukimbilia kuzuia maji yaliyokuwa yakiingia kwenye chumba cha picha. Hakuikumbuka firimbi.

Mvua ilipokatika, mnamo saa kumi na moja jioni, alikwenda kuzibua mfereji ulio chini ya ukuta wa mawe unaopakana na kijia cha kwenda ziwani. Ukuta huo haufiki kifuani. Hapo aliona jiwe moja limelegea. Alipolivuta, nyuma yake palikuwa na mkebe uliofungwa kwa utepe mweusi.

"Nilifungua kidogo tu," anasema. "Nikaona karatasi imeandikwa, daftari limelowa, na mfuko wa plastiki umekunjwa, sikuona kilichomo. Nikasema huu ni uchawi. Kwetu, ukikuta kitu kimefungwa namna hiyo kimefichwa kwa ukuta, huulizi. Nikafunga, nikarudisha, nikaenda kunawa mikono na sabuni mara mbili."

Kutoka langoni, Mzee Ondiek alimwona amepiga magoti akisukuma kitu ukutani, kisha akisimama na kutazama huku na huku.

Kesho yake saa mbili, Perez alipokuwa akipangusa rafu, mkono wake ulifika mahali pa nambari 31 na kukuta patupu.

Alitafuta chini ya meza. Akatafuta chini ya garimoshi, kwenye matope, kwenye pipa la taka, hadi kwenye mifuko ya aproni yake. Saa tatu alikwenda mwenyewe ofisini kwa msimamizi, Bwana Fabian Wakhisi, na kumwambia kuwa firimbi haionekani.

Bwana Wakhisi, mtu mrefu mpole anayesema taratibu, alikuwa na miezi minane tu katika kazi hiyo. Alimwita mlinzi. Mzee Ondiek, ambaye anasema alidhani anasaidia, akaeleza alichokiona jioni ile.

"Nilisema nilichoona kwa macho," anasema mlinzi huyo leo, akikwepa kumtazama Perez. "Sikusema ni mwizi. Lakini maneno ikishatoka, si yako tena."

Perez akawaeleza habari za mkebe. Wote watatu walikwenda ukutani. Perez alilivuta jiwe kwa mikono miwili, akakaa kando ili waone.

Shimo lilikuwa tupu. Hapakuwa na mkebe wala alama yake.

"Nilipiga magoti," anasema. "Nikaingiza mkono mpaka kwa kiwiko. Nikatoa udongo. Bwana Wakhisi akaniangalia, si kwa hasira. Ningependa angekasirika. Aliniangalia vile unaangalia mtu mgonjwa."

Msimamizi alimwandikia barua ya kumsimamisha kazi bila malipo kwa siku thelathini. Barua ilisema kuwa ikiwa kitu hicho hakitakuwa kimerudi kufikia siku hiyo, suala lingepelekwa polisi. Perez aliikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia yake, akarudisha funguo na kutoka kwa lango lile lile alilokuwa akilifungua kila asubuhi.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda Nyamasaria.

"Sikutaka Mwalimu asikie kwa mtu mwingine," anasema.

Mwalimu Rachael alikuwa akichambua mboga barazani. Perez alimweleza yote akiwa amesimama: mvua, watoto, ukuta, mkebe uliokuwapo kisha ukatoweka. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, aliweka sinia la mboga kando.

"Perez," akasema, "babu yangu alizikwa bila hiyo firimbi kwa sababu mama yangu alikataa. Alisema ikae na watu. Sasa iko wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Na huo mkebe?"

"Niliuona, Mwalimu. Kwa macho yangu."

Mwalimu alirudi kwenye mboga zake. Hakumkaribisha ndani wala kumpa hata maji ya kunywa. Kwa watu wa pale, hilo lilitosha kuwa jibu.

Perez alifunga virago vyake, akahamia kwa mama yake Pap Onditi. Siku zikawa za kupalilia mtama asubuhi na kukwepa watu jioni. Lornah alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Perez alimwambia kuwa amepewa likizo.

"Nilidanganya mtoto wangu mara ya kwanza," anasema, na sauti yake inashuka. "Ile ndiyo iliniuma kuliko barua."

Jambo ambalo yeye wala msimamizi hawakulijua ni kwamba mkebe ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa mbali.

Aqil Hassan, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, hukata na kupachika vioo vya miwani katika duka moja katikati ya mji. Anaishi Manyatta Arabs, mtaa ambao babu wa babu yake alifikia alipotoka pwani na msafara wa biashara. Alijifunza mchezo huo kutoka kwa mteja mmoja aliyemwachia miwani ya kutengeneza, na akaupenda kwa sababu ulimpeleka kwenye pembe za mji wake ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Mkebe wake wa kwanza aliuficha kwenye ukuta wa Gati la Kale.

"Sheria ya mchezo inasema uombe ruhusa kwa wenye mahali," anakiri. "Mimi sikuomba. Nilijiambia ukuta unapakana na njia ya watu wote, basi ni wa watu wote. Huo ndio ukweli wangu, na sina cha kuuremba."

Alhamisi ile ya mvua, Aqil aliwaza kuhusu daftari lake. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akielekea kazini, alisimama kijiani, akanyoosha mkono juu ya ukuta, akalegeza jiwe na kuchukua mkebe. Ulikuwa ukitiririka maji. Alirudisha jiwe, akautia mkebe ndani ya mfuko, na jioni akauweka juu ya kabati jikoni ili auanike siku atakapopata nafasi.

Jumamosi alipigiwa simu kutoka Mombasa. Mama yake, Bi Mariamu, aliyekuwa huko kwa dada yake, alikuwa amepata kiharusi. Aqil aliondoka siku hiyo hiyo na kukaa huko siku kumi na tisa, hadi mama yake alipoanza kushika kijiko mwenyewe.

Aliporudi Kisumu, jioni ya kwanza, alikumbuka mkebe. Aliufungua juu ya meza. Daftari lilikuwa limevimba na kuota ukungu. Ndani ya mfuko wa plastiki alitarajia kukuta gari jekundu la kuchezea alilokuwa ameliweka yeye mwenyewe. Halikuwamo. Badala yake kilidondoka kitu kizito.

"Niliona shaba, nikaona nambari nyeupe," anasema Aqil. "Mimi nimeingia kwenye makumbusho yale mara nyingi. Nilijua mara moja. Nikalivuta daftari."

Alifungua kurasa za daftari moja moja kwa kisu cha mezani. Kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, kwa penseli, palikuwa na mwandiko wa mtoto wenye herufi kubwa kubwa: *Nimechukua gari. Nimeacha firimbi. Asante sana. Terry.* Chini yake ilikuwapo tarehe ya Alhamisi ile.

Aqil hafichi kwamba alifikiria kuitia firimbi ndani ya bahasha na kuidondosha langoni bila jina. Alikuwa ameficha kitu kwenye mali ya watu bila ruhusa, na sasa ndani ya kitu hicho mlikuwa na mali ya makumbusho. Aliiandika hata bahasha. Mkewe, Aaliyah, ndiye aliyemuuliza swali moja: "Na kama kuna mtu ameshalaumiwa?"

Asubuhi alikuwa langoni kabla halijafunguliwa. Alipomwonyesha Mzee Ondiek firimbi, mlinzi alishika kichwa.

"Kijana," akamwambia, "hii kitu imefanya mama wa watu akafukuzwa kazi. Na ni mimi nilimsema."

Ilikuwa siku ya ishirini na tatu ya zile thelathini.

Bwana Wakhisi alilisoma daftari akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akalisoma tena. Alichukua simu na kumpigia Perez. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Na tena.

Kule Pap Onditi, Perez alikuwa shambani. Aliliona jina la msimamizi kwenye kioo cha simu mara ya kwanza, akaiweka simu chini, juu ya kanga, kama kitu cha moto. Mara ya pili aliipa mgongo. Mara ya tatu alikuwa amekwisha kuamua moyoni: wamefika, ni polisi, siku hazikutimia lakini wamechoka kungoja.

"Nilikuwa napanga nitamwambia mama nini," anasema. "Nilikuwa naangalia barabara nione kama gari inakuja."

Mara ya nne jina lililoonekana ni la Ondiek. Alitaka kuiacha hiyo nayo. Hajui ni kitu gani kilimfanya aipokee.

"Min Lornah," mlinzi akasema, akimwita kwa jina la binti yake kama wafanyavyo watu wa kwao, "imepatikana. Ilikuwa ndani ya ule mkebe. Mkebe upo. Umesikia? Upo. Nimeushika mimi mwenyewe."

Perez alikaa chini pale pale kati ya mistari ya mtama. Hakulia. Anasema alipumua, pumzi ndefu iliyotoka mbali, na ndipo akagundua kwamba kwa wiki tatu alikuwa akipumua nusu nusu. Halafu akaanza kucheka. Mama yake, aliyekuwa akipalilia upande wa pili, alidhani mwanawe amerukwa na akili.

"Nilimwambia, 'Mama, mkebe upo!' Akaniuliza, 'Mkebe gani?' Kumbe hata yeye sikuwa nimemwambia kila kitu. Nikamweleza tangu mwanzo, tukiwa tumekaa kwa udongo. Alipiga magoti hapo hapo akamshukuru Mungu, akasema, 'Ero kamano, Nyasaye.' Akanituma nikachinje kuku."

Kabla ya kuchinja kuku, alimpigia Lornah na kumweleza ukweli wote. Binti alikasirika kwa dakika tano, akalia kwa dakika tano nyingine, kisha akauliza kuku huyo ni yupi.

Perez alirudi kazini Jumatatu. Bwana Wakhisi alimsubiri nje ya ofisi, akamwomba msamaha mbele ya mlinzi na mbele ya Aqil, ambaye naye alikuwa amekuja kuomba wake. Alirudishiwa funguo na mshahara wa siku zote alizokosa.

"Nilimwona akiingiza mkono kwenye lile shimo hadi kwenye kiwiko," anasema msimamizi. "Mtu anayeigiza hafanyi hivyo. Nililiona jambo hilo na bado nikaandika barua. Nalifikiria mara nyingi."

Ilibaki habari ya Terry. Mwalimu wake alipoulizwa kwa simu, alimwita mtoto huyo wa miaka kumi, na maelezo yake yalikuwa mafupi. Mvua ilipoanguka, firimbi ilikuwa mkononi mwake. Alijibanza ukutani, akaona jiwe linacheza, akapata mkebe. Karatasi iliyokuwa ndani ilisema ukichukua kitu uache kitu. Alilitaka gari, na hakuwa na kitu kingine. Alidhani mkebe ni sehemu ya makumbusho na firimbi ilikuwa ikirudi nyumbani kwake.

"Mtoto alifuata maandishi," anasema Perez. "Niliambia mwalimu wake, tafadhali, asiguswe hata na fimbo ya maneno. Sisi watu wazima tulikuwa wangapi hapo, na hakuna aliyeandika jina lake wazi kama yeye?"

Jioni ya Jumatatu hiyo alikwenda Nyamasaria, na safari hii Aqil alifuatana naye, amebeba daftari ndani ya mfuko mkavu. Firimbi yenyewe ilikuwa mkononi mwa Perez. Mwalimu Rachael aliisoma ile mistari ya penseli kwa miwani, akaisoma tena bila miwani.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Lakini hiyo 'k' ameigeuza."

Halafu akainuka, akamshika Perez mabegani kwa mikono yote miwili.

"Niliambiwa ukweli nikanyima mtu maji," akasema. "Ingia ndani. Leo hutoki hapa bila kula."

Walikula samaki mzima aina ya ngege na ugali wa mtama, na Aqil, aliyekuwa amejipanga kwa kukaripiwa, akajikuta akikagua miwani ya mwenye nyumba iliyolegea mguu. Aliitengeneza pale pale kwa bisibisi ndogo aliyokuwa nayo mfukoni.

Firimbi hiyo sasa ina kisanduku cha kioo, lakini Perez alishinda mjadala mmoja: kisanduku hakifungwi siku za wanafunzi. Watoto bado wanaishika, ila sasa wanaishika wakiwa ndani ya nyumba.

Na mkebe ulirudi, kwa ruhusa iliyotiwa saini na Bwana Wakhisi. Hauko tena ukutani. Mahali ulipo leo hapaandikwi hapa, kwa heshima ya wachezaji. Ndani yake karatasi imebadilishwa, imeandikwa kwa Kiswahili na Kidholuo, na inaeleza kwa herufi nzito kwamba mkebe si sehemu ya makumbusho. Bwana Wakhisi anasema katika mwaka mmoja watu zaidi ya mia mbili wamefika bustanini kwa ajili ya mkebe huo, na wengi wao huishia kulipa kiingilio na kutembezwa na Perez.

Perez mwenyewe alinunua simu yenye ramani mwezi wa Agosti. Aqil humfundisha Jumamosi baada ya kazi, na wote wawili wanakubaliana kwamba mwanafunzi ni mgumu.

"Ananiambia, 'Mama Perez, fuata mshale.' Mshale unanipeleka kwa maji," anacheka. "Nimemwambia, huo mshale wako haujui Kisumu."

Lakini ana mpango. Desemba, Lornah, ambaye sasa ni muuguzi, atakuwa likizoni. Wawili hao watakwenda Sondu, karibu na mto, ambako mchezaji mmoja ameficha mkebe ambao kwa mujibu wa mtandao haujawahi kupatikana na mtu yeyote. Baadaye, ruhusa zikipatikana, Perez na Aqil wanataka kuficha mikebe saba kando ya ufuo, kila mmoja mahali penye habari ya zamani ya kusimuliwa. Tayari ameandika habari tatu kwa mkono wake.

Aqil alimwambia kuwa wachezaji hawaandiki majina yao halisi kwenye madaftari. Hujipa majina ya mtandaoni. Alimpendekezea kadhaa: Malkia wa Ziwa, Mama Firimbi, Gaidi wa Gati.

Perez anapiga ufagio chini mara mbili kuyadondosha maua yaliyonasa.

"Nilikataa yote," anasema. "Nikifika huko Sondu nikipata hiyo mkebe, nitakaa chini, nitatoa kalamu yangu mwenyewe, nitaandika polepole: Perez Achola. Halafu tarehe. Halafu nitampa Lornah asome kwa sauti."

Anatazama saa. Inakaribia saa mbili. Anavua aproni, anaikunja, na kutoka mfukoni anatoa mafuta ya midomo. Langoni, basi la kwanza la wanafunzi linapiga honi.